Fuso Iliyochukuliwa Matangani

Hapa Isevya, Tabora, kila mtu ana namna yake ya kuisimulia habari hii, na wapo waliofika mbali mpaka wanasema Abbasi aliiba gari msibani. Hakuiba. Mimi nilikuwepo, tena nilipiga vigelegele wakati analiondoa, kwa hiyo mwacheni aliyekuwepo aseme.

Bundala ni mdogo wangu wa kunifuata. Kazi yake udereva, na hajawahi kufanya nyingine. Ameendesha malori ya watu Urambo, Kaliua, Ulyankulu, anapeleka mbolea, anarudi na tumbaku, anakula mshahara na posho ya safari. Mshahara haukuwa wa kujivunia, lakini ulikuwa na raha yake. Tairi likipasuka porini anampigia simu tajiri, anatandika turubai chini ya gari, analala kusubiri. Hasara ni ya mwenye gari. Kilichomkera ni kwamba kila baada ya muda tajiri anauza gari, na yeye anaanza tena kuzunguka kutafuta usukani, umri nao unakwenda.

Ndipo akaja Abbasi na Fuso yake.

Abbasi ni Mzaramo wa Kisarawe. Alikuja Tabora kuuza spea, akaoa mtaa wa Kanyenye, akasahau njia ya kurudi. Nyumba yangu haipungui watu: mwenye stori anakuja nayo, asiye nayo anakuja kuichukua, na sufuria ya mchana naipika kubwa kwa makusudi. Abbasi alikuwa hakosi. Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, utani ulioanza huko misafarani babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo, kwa hiyo hakuna aliyekuwa salama mbele yake. Salamu haijaisha, ameshamtukana baba yako, na wewe umeshamtukana babu yake, na wote mnacheka.

Siku aliyoleta habari ya mkataba tulikuwa sebuleni tunakula. Bundala alikuwepo na mkewe, Julieth.

"Wewe Bundala," Abbasi akasema, mdomo umejaa ugali, "mpaka lini utashika usukani wa watu? Nina Fuso uani kwangu inaota majani. Chukua kwa mkataba. Laki tatu na nusu kila Jumamosi, miaka miwili na nusu, ukimaliza kadi naibadilisha jina, gari lako."

"Na spea? Matairi?"

"Unataka nikupe na mtu wa kukukanda mgongo? Vyote vyako. Mzigo utafute mwenyewe, faida ule mwenyewe, mimi niletee Jumamosi yangu."

Julieth alikuwa anamega ugali, akauacha mkononi. "Shemeji Abbasi, na wiki isiyokuwa na mzigo?"

"Hiyo ni yake na Mungu wake. Akilala wiki tatu mfululizo bila hesabu, nakuja kuchukua gari langu, na alichokwishalipa kinabaki kuwa kodi ya kulitumia. Yeye nitampa ngata, arudi kubeba mizigo kichwani kama babu zake."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Bundala alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mzaramo wewe! Babu zangu walibeba meno ya tembo miezi na miezi kwa miguu, wakifika kwenu wanawakuta mmelala mnasubiri kuwauzia maji!"

"Na waliyanunua!"

Basi tukacheka tena. Sasa angalieni kosa lilipo. Zile wiki tatu Abbasi alizisema kwa dhati, lakini zilitoka mdomoni pamoja na ngata na babu, na kwetu jambo likitoka kwa mtani limefungwa pamoja na tusi, halihesabiwi. Kesho yake walikwenda kwa wakili wakaandikishana. Wiki tatu zikasomwa tena, kwa sauti, na Bundala akacheka tena. Wakili akamtazama tu.

Halafu sisi watoto wa wakulima wa tumbaku tuna jinsi yetu ya kulielewa deni. Baba yetu kule Puge alikuwa anachukua mbolea kabla ya mvua, na hakuna aliyemgusa mpaka soko lifunguliwe. Muuza duka alisubiri soko. Fundi baiskeli alisubiri soko. Hata mchango wa kigango, katekista alikuwa anasema, "Mzee Emilian, tutaonana sokoni." Kwa hiyo Bundala alipotia saini miaka miwili na nusu ya Jumamosi, alijua Jumamosi za mvua zimo, ila aliamini mtu mzima anayekaa Tabora anafahamu kwamba mvua ni mvua.

Aliyemwonya ni Octavian, dereva mwenzake, anapanga chumba cha uani kwangu. Octavian alishawahi kuchukua bajaji ya mkataba akaimaliza, akachukua Canter ya mkataba ikammaliza yeye.

"Umejiuliza mwezi wa pili utabeba nini?" akamwuliza.

"Mahindi."

"Utayatoa wapi, kwa barabara ipi?"

Bundala akasema Octavian ana roho mbaya. Julieth akasema hana roho mbaya, ana swali. Hawakusemeshana jioni nzima, mimi nikiwa katikati napakua chakula.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, nisiseme uongo. Kiangazi kile tumbaku ilitoka kwa wingi, Bundala akawa halali nyumbani wiki nzima. Jumamosi ikifika, hesabu imefika. Akanunua matairi mapya mawili ya mbele, akapaka rangi bodi, akaandika jina la mama yetu, Levina, juu ya kioo. Mvua ilipoanza alikuwa na akiba, akapata na kazi ya kubeba saruji kwenye lami ya Nzega, akapenya. Watu wakaanza kunijia: dada Leonia, mwambie Abbasi na sisi tunataka mkataba. Nikawa nasema huo ndio mpango, mshahara ni utumwa. Ndiyo, nilisema.

Mvua ya pili ndiyo iliyotufundisha. Gia boksi ilikufa mwezi wa kumi, akiba yote ikaenda huko. Barabara za vumbi zikafunga mapema, na zikifunga, malori yote ya mkoa yanajazana kwenye lami kugombania mzigo ule ule, bei inashuka mpaka inabaki ya dizeli tu. Dereva wa mshahara hapo anacheza bao. Wa mkataba anaamka kila siku na Jumamosi kichwani. Bundala alikopa Jumamosi moja kwangu, moja kwa Octavian, moja Julieth aliuza cherehani yake. Halafu Mzee Emilian akaugua, Bundala akawa wa kwenda Puge na kurudi, hospitali na kurudi, na dizeli ile hailipwi na mtu. Jumamosi mbili zikapita kavu. Abbasi akapiga simu, Bundala akamwambia, "Subiri, mtani, baba anaumwa." Abbasi akajibu, "Pole. Lakini nakukumbusha." Bundala akaniambia mtani amempa pole.

Mzee akafariki. Alikuwa amekula chumvi nyingi, ameona vitukuu, kwa hiyo ulikuwa msiba wa kulia na kucheka. Fuso ndiyo iliyotubeba waombolezaji kutoka Tabora, na viti, na maturubai, na sufuria zangu. Abbasi alikuja kwa basi na rambirambi yake ya heshima. Siku ya kuzika alifanya kazi yote ya mtani: alificha sepetu, akaingia kaburini akasema pamebana, hatoki mpaka apewe hela ya soda. Tukampa. Watu wa Puge walimpenda sana.

Siku ya kuanua matanga, tukiwa tumekaa tunasubiri chakula, akatokea ndani amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, na fimbo yake. Alimwiga mzee mpaka kile kikohozi chake. Mama Levina mwenyewe, mjane, alijifunika kanga usoni mabega yanatikisika.

"Wanangu," Abbasi akasema kwa sauti ya mzee, "nimewasikia mnalia. Nikasema wananililia mimi, kumbe nyama imekwisha!"

Watu hoi.

"Sasa naondoka. Ninakokwenda ni mbali, na magoti haya mnayajua. Lile gari pale ni la nani?"

"La Bundala!" tukajibu.

"Bundala yupi? Yule niliyekuwa nikimtuma chumvi anarudi na sukari? Lete ufunguo, mwanangu, siwezi kwenda ahera kwa miguu."

Bundala akainuka, akautoa ufunguo mfukoni, akapiga goti kama mtoto mbele ya baba yake. Akasema, na wazee wote wa ukoo wamekaa wanasikia, "Chukua, baba, ni lako. Ukifika ututumie nauli na sisi."

Abbasi akapanda na koti lile lile, akawasha, akapiga honi, akaondoka. Vigelegele nilivyopiga siku ile, sauti ilinikauka.

Kwetu mtani akichukua kitu msibani, anakwenda nacho kidogo, anarudi, mnamkomboa kwa kuku au hela kidogo, anakirudisha. Kwa hiyo nikasema akamatwe jogoo. Jogoo akakamatwa, akafungwa miguu. Tukala. Tukamwekea chakula chake, kikapoa. Simu yake haipatikani. Wengine wakasema huyu Mzaramo leo ametuweza, utani wake umepitiliza. Mpaka alasiri, Octavian, aliyekuwa amebaki Tabora, akapiga: "Mbona Fuso yenu imeingia uani kwa Abbasi na geti limefungwa? Mmeuza?"

Bundala aliitia simu ile mfukoni. Julieth ndiye aliyesema. "Jana ilikuwa Jumamosi ya tatu."

Tulirudi Tabora kwa basi na sufuria mapajani.

Abbasi hakujificha. Siku ya pili yake alikuja mwenyewe kwangu, akapiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sebule ilikuwa imejaa, maana habari ilishafika kila mahali, na sitasema ilifikaje. Hakuna aliyemtukana. Alitafuta pa kukaa akakosa, akasimama mlangoni.

"Abbasi," nikamwambia, "msibani?"

"Dada Leonia, ningekuja na mgambo mngenichukia. Niliona nilichukue kwa kicheko, aibu iwe ndogo."

"Kile kicheko kilikuwa cha baba yetu. Umetuibia."

Akainamisha kichwa. Kisha akasema, na hili nalo niliseme kwa haki yake, kwamba na yeye fedha ya kununulia Fuso ile amekopa benki. "Benki yangu haijui mvua wala msiba. Laki tatu na nusu siyo ya pombe. Lakini tumekuwa ndugu. Nileteeni Jumamosi hizo tatu, gari mlichukue, tuendelee kama zamani. Hata mwezi huu sitawasukuma."

Watu wakapumua. Mmoja akatoa elfu kumi akaiweka mezani, mwingine akafuata. Julieth, aliyekuwa wa kwanza kuupinga mkataba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. "Nitakopa kikundi changu. Kesho utazipata, shemeji."

"Sikomboi," Bundala akasema.

Alisema polepole, watu wengine hawakusikia, ikabidi arudie.

"Umerukwa na akili?" Julieth akamgeukia. "Mwaka na miezi minane! Nimeuza cherehani. Nimelisha watoto michembe, viazi vikavu, ili wewe upeleke hesabu. Leo unasema hukomboi? Miezi kumi tu imebaki!"

"Nikikomboa leo, Jumamosi inayokuja nadaiwa. Tuko mwezi wa kwanza, mvua ndiyo kwanza inakolea. Cherehani ya pili tunayo? Atalichukua tena mwezi ujao, na kikundi chako kitakuwa kinatudai." Akamgeukia Abbasi. "Silikatai gari. Naukataa mkataba wa kila wiki sawasawa. Nipunguzie mvua, nikuongezee kiangazi. Jumla yako ile ile."

"Hayo hatukuandikishana."

"Ndiyo maana nasema sikomboi."

Abbasi akatazama zile elfu kumi kumi mezani. "Basi nitalifanyisha kazi mwenyewe," akasema, akaondoka. Nyumba ikagawanyika papo hapo, wengine upande wa Bundala, wengine upande wa Julieth, na ugomvi ulinoga mpaka nikasahau maharage jikoni yakaungua. Julieth alikusanya watoto akahamia kwa dada yake, mtaa wa Cheyo. Aliniambia, "Wifi, mwanaume akitupa jasho la miaka miwili kwa sababu ya kiburi, mimi nikae nifanye nini?" Mimi mwenyewe niliona ni kiburi.

Bundala akatafuta dei waka, akawa anashika gari la mtu siku mbili, la mwingine moja. Akirudi anakula, analala.

Abbasi naye akampa Fuso dereva mwingine, kijana wa mjini, mwepesi wa mdomo. Akampatia mzigo wa mahindi Ulyankulu, kwa kuwa huko bei ni nzuri mvuani, na bei ni nzuri kwa sababu watu wenye akili hawaendi. Haikupita wiki, abiria wa Ulyankulu wakaanza kuniletea habari kabla hata ya mwenyewe kuzipata. Fuso yenye jina Levina iko mbugani, imezama mpaka ekseli. Imelala. Imelala tena. Mahindi yameanza kupata unyevu, mwenye mahindi anapiga kelele. Dereva amezima simu, ameonekana Tabora anakula chipsi. Kisha wakasema Abbasi ameonekana huko mwenyewe, viatu mkononi, anawalipa watu wasukume, na kila wakisukuma linazidi kwenda chini.

Siku hiyo simu ya Bundala ikaita, na aliyepiga ni Abbasi. Bundala akasikiliza, akasema, "Nakuja." Akamwamsha Octavian, wakachukua majembe, minyororo na jeki mbili, wakaondoka kwa pikipiki. Yaliyotokea huko ninayo kwa Octavian, na Octavian haongezi chumvi. Huo ndio upungufu wake.

Alisema Bundala alizunguka gari mara moja tu akajua kosa. Yule kijana alikuwa analazimisha kwenda mbele, na mbele ndiko kwenye maji. Gari lile lilitakiwa kurudishwa nyuma. Wakashusha magunia, wakachimba nyuma ya matairi, wakakata miti wakatandika. Kazi ya mchana kutwa. Yote yalipokuwa tayari, Bundala akapanda, akakaa kwenye usukani, hakuwasha. Akashusha kioo.

"Abbasi. Kabla sijawasha, tuongee."

"Bundala, jua linazama."

"Nalijua jua la huku. Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, nusu hesabu. Soko la tumbaku likifunguliwa, hesabu na nusu, mpaka tusawazishe."

Abbasi alitazama matope yaliyomfika magotini, akatazama magunia yaliyopangwa juu ya turubai, akamtazama mwenye mahindi aliyekuwa hanyamazi. "Na benki nitawaambia nini?"

"Utawaambia ulichokiona."

Octavian anasema Abbasi akasema sawa. Bundala akaongeza kwamba injini ikifa kabla kadi haijabadilishwa, wagawane gharama. Hapo Abbasi akakataa katakata: injini ni ya mwenye kuendesha, na kama hataki, basi gari lioze hapo hapo. Bundala akafikiri, akasema sawa na yeye. Akawasha. Gari likarudi nyuma, likateleza, likashika miti, likatoka.

Julieth alipopata habari alirudi Isevya siku hiyo hiyo, lakini hakuja na pongezi. "Ulimkaba mwenzio kwenye matope," akamwambia mumewe.

"Yeye alinikaba msibani."

"Kwa hiyo mko sawa?"

"Hatuko sawa. Tuna mkataba."

Walirudi kwa wakili, na safari hii aliyekwenda na Bundala ni Julieth. Alimwambia wakili asome polepole, kila kifungu, na kila kifungu akauliza: na ikinyesha? Na akiugua? Na mzigo ukikosekana? Wakili alitoka jasho. Zile wiki tatu zikawa sita, na Abbasi akataka iandikwe kwamba mwenye gari akija kulichukua, anakuja na barua kwanza. Hilo alilisema mwenyewe, hakuombwa.

Wananiuliza sasa, dada Leonia, mkataba unalipa? Kuna jamaa wawili wanataka magari kwa mkataba kama huo. Nawaambia nendeni kwa Julieth, mimi nilishawahi kusema mshahara ni utumwa na mkaona. Najua tu kwamba injini ya Levina imeanza kutoa moshi wa bluu asubuhi, kadi iko kwenye kabati la Abbasi, na mpaka kiangazi kiishe hakuna anayejua kitakachotangulia.

Jumamosi iliyopita Abbasi alipita kuchukua nusu hesabu yake. Sebule ilikuwa imejaa, na nilipomwona mlangoni nikapunguza sauti ya televisheni, na wengine nao wakatulia, kila mtu anasubiri atatukanwa nani. Akasema, "Hamjambo?" Akapokea hela, akahesabu, akamwambia Bundala asante. Nikamkaribisha chakula. Akasema ameshakula kwake.

"Kaa basi hata kidogo," nikamwambia.

"Siku nyingine, dada."

Bundala alimsindikiza mpaka barabarani, wakasimama wanaongea habari ya tairi la nyuma kushoto, mmoja ameinama anagusa, mwingine ameshika kiuno. Niliwatazama dirishani. Hakuna aliyecheka. Kisha Abbasi akaondoka, na Bundala akaingia chini ya gari lake, ambalo bado si lake, na spana mkononi.